Jiwe Lenye Mwenyewe

Mume wangu anaitwa Chokaa, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake kule mlimani, kwa kejeli, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kazi yake ni kuziba pancha za malori. Pale barabara inapoanza kupanda, chini kidogo ya kituo cha mafuta, mafundi wa matairi wamejipanga na jeki zao na pampu zao, na lori likichoka huishia hapo. Sasa lori likisimama mlimani halitegemei breki peke yake. Lazima liwekewe jiwe nyuma ya gurudumu, la sivyo litarudi kinyumenyume na kumpitia kila aliye nyuma yake. Kwa hiyo kila fundi ana mawe yake, na ukipita barabara ile utayaona mengine yameachwa katikati ya lami: lori limeshapona, limekwenda zake, na jiwe limebaki linasubiri gari dogo.

Jambo hilo lilimkera mume wangu tangu siku za mwanzo. Akachagua mawe mazuri, yenye tumbo pana na mgongo bapa, akanunua chokaa, akayapaka meupe pe. Yakichakaa huyaleta nyumbani, huyapaka upya na kuyaanika uani, chini ya kamba yangu ya nguo. Nikimwambia, "Watu wanaanika nguo, wewe unaanika mawe," hucheka tu. Anasema jiwe jeupe si rahisi kulisahau, na hata ukilisahau dereva ataliona. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Walimuuliza kama jeki nayo ataivalisha suti.

Nasimulia haya kwa sababu watu wanayasimulia vibaya. Wapo wanaosema mume wangu ni mjinga. Mimi nina ruhusa ya kumwita mjinga kwa sababu ninaishi naye na kumfulia suruali zenye grisi. Wengine hiyo ruhusa sijawapa.

Wakati huo nilikuwa mjamzito, na nilikuwa nalala kitandani kwa amri. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza mimba, tena si moja, na hizo sitaki kuzieleza. Mkunga wa kituo cha afya cha kule juu ya mlima, ambaye sote tunamwita Dada Mkunga ingawa ametuzidi umri, aliniangalia kwa makini, akanipima, akakaa ukingoni mwa kitanda changu kama mtu wa nyumbani. Akaniambia, "Hii tutaishika kwa mikono miwili. Wewe kazi yako ni kulala. Kutikiswatikiswa sitaki, pikipiki usiiguse. Siku ikifika nitakuja mwenyewe na gari langu nikuchukue."

Gari lenyewe lilikuwa dogo na kuukuu, mlango mmoja unafunguliwa kwa ndani tu, na kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Lakini mimi nililiona kama ndege. Nililala pale nikifuma sweta za watoto wa shule, kazi yangu, na kila nilipoogopa nilijiambia kwamba Dada Mkunga yupo na gari lake lipo. Nilimwamini yule mwanamke kuliko nilivyouamini mwili wangu.

Basi jioni moja, mvua inanyesha, tumbo likanibana. Likabana, likaachia, likabana tena. Nilipiga ukelele nikiwa peke yangu chumbani, kisha nikampigia simu Chokaa, kisha Dada Mkunga. Wote wawili niliwaambia neno moja, njooni.

Chokaa alikuwa mlimani, amemaliza lori la saruji. Hapo lazima nieleze kazi yao kidogo. Jiwe lililokaliwa na gurudumu haling'oki kwa mkono. Ni mpaka dereva asogee mbele hatua chache, ndipo fundi aingie aliokote, kisha ampe dereva ishara aende. Siku hiyo dereva alisogea, na akaendelea kusogea, maana mvua ilikuwa kubwa na hakuna dereva anayependa kusimama mara mbili mlimani. Mume wangu akaokota jiwe la kwanza. Simu ikaita, na ndani ya simu nilikuwa mimi ninalia. Akalitupa lile jiwe kando ya barabara, akarukia pikipiki yake ya kubebea matairi. La pili likabaki katikati ya lami.

Alipofika nyumbani ameloa chapachapa, tumbo langu lilikuwa limeshatulia, limenyamaza kabisa kama vile si lenyewe lililofanya vurugu. Akanikalisha, akanifunika, akachemsha chai. Tukamngoja Dada Mkunga. Hakuja. Kumbe alikuwa ameteremka mlima kwa haraka kwa ajili yangu, lori likamjia mbele limewasha taa zote, na katika ile mvua na ule mwanga lami nzima ilikuwa nyeupe. Jiwe la mume wangu, kwa weupe wake, ndilo lililopotea humo kuliko kitu kingine chochote. Lilimpasua sampo, lile bakuli la chini linaloshika oili ya injini, na injini ikakauka na kukwama kabla hajajua kimetokea nini. Yeye mwenyewe alitoka na bega lililoteguka. Nashukuru kila siku kwamba lilikuwa bega tu.

Kesho yake akaanza kutafuta nani atalipa. Bima yake ilikuwa ile ndogo, ya kuwalipa wengine ukiwagonga wewe, na walimwambia kwa upole kwamba jiwe si mtu mwingine. Ofisi ya barabara wakasema kazi yao ni barabara, mawe ya watu hayawahusu. Lingekuwa shimo, wangelijadili. Lori lililosogea na kwenda zake hakuna aliyelikumbuka. Mwisho akaenda kwa askari wa barabarani, naye askari akamwambia, "Dada, jiwe halina namba ya usajili. Ukimpata mwenyewe, niite." Alisema hivyo ili amwondoe mezani kwake. Alikuwa hamjui Dada Mkunga.

Sisi tulizipata habari asubuhi hiyo hiyo. Mume wangu alikwenda mlimani, akarudi muda huo huo, akakaa chini sakafuni karibu na kitanda changu. Niliona usoni kwake kabla hajasema.

"Ni jiwe langu," akasema.

"Nani amekuona ukiliacha?"

"Hakuna."

"Basi si lako."

"Limepakwa chokaa, mke wangu."

"Chokaa inauzwa dukani. Mtu yeyote anaweza kupaka jiwe."

Akanitazama. Sote wawili tulijua kwamba katika dunia nzima hakuna mwendawazimu mwingine anayepaka mawe ya pancha.

"Sikiliza," nikamwambia. "Sikukatazi kusema. Nakuomba usubiri nijifungue. Baada ya hapo chukua kipaza sauti, panda juu ya tangi la kituo cha mafuta, utangaze. Lakini sasa hivi, yule akijua ni wewe uliyemvunjia gari na kumtegua bega, atanishika kwa mikono gani? Utanitafutia wapi mwingine?"

Hofu yangu ilikuwa hiyo, na niliisema yote. Sikuwa na haya. Nilikuwa nimeshazika matumaini mengine, na hili nililishika kwa kucha.

 Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini. Nikadhani amekubali. Mwanamke niliyekaa na mume miaka yote ile nilipaswa kujua kwamba kimya cha Chokaa si kukubali, ni kutafuta viatu.

Yaliyotokea mlimani nilisimuliwa na Msumari, fundi wa injini, ambaye siri kwake hailali. Alasiri ile Dada Mkunga alifika kwa miguu, mkono mmoja umefungwa shingoni, na mkono mwingine amepakata kitu kilichofungwa kwenye shuka la mtoto, lile jepesi la hospitali. Mafundi wakadhani ni kichanga. Wakavua kofia. Akafunua shuka, na ndani mlikuwa na jiwe jeupe, limechubuka ubavu.

"Nimeleta mtoto," akasema. "Ameokotwa barabarani. Nani baba yake?"

Msumari anasema mmoja aliangalia mawingu. Mwingine alianza kupiga pampu tairi lililokwishajaa, mpaka wakaogopa litapasuka. Kila mmoja pale alijua baba ni nani, na hakuna aliyemtazama, nami kwa hilo nawapenda. Mume wangu akaweka chini chuma chake cha kubandulia tairi, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda mpaka mbele ya Dada Mkunga, akanyoosha mikono yote miwili.

"Ni wangu," akasema.

"Shemeji?"

"Ni wangu, dada. Nililiacha mimi."

Basi. Hakutaja mvua. Hakutaja dereva wa lori la saruji. Hakutaja kwamba simu iliita na mkewe alikuwa ndani yake analia. Msumari aliponieleza sehemu hiyo nililia, halafu nikakasirika zaidi, maana angenitaja mimi angalau nusu ya kosa ingekuwa yangu na tungeibeba wawili.

"Utalipa," Dada Mkunga akasema.

"Nitalipa."

"Na mpaka gari litembee, utanipeleka kazini na kunirudisha. Kwa hiyo pikipiki yako."

"Nitakupeleka."

Akamwachia jiwe, akakunja shuka lake vizuri, akalitia kwapani, akapanda mlima. Kuhusu mimi hakusema neno. Nilimuuliza Msumari mara mbili, na mara zote alisema hakusema.

Ufundi Msumari aliutoa bure. Alisema mawe yake mwenyewe yamelala barabarani kila mahali, basi tu hayana rangi. Lakini vipuri havitolewi bure. Chokaa akauza mashine yake ya upepo, ile aliyoisotea na kuisifia kuliko alivyowahi kunisifia mimi, akarudi kwenye pampu ya mkono kama kijana anayeanza. Alirudi jioni mabega yamemvimba. Nilisikia anavyoshusha pumzi akivua shati, na sikusema pole.

Nilikuwa nimenuna. Na mimi nikinuna, nanuna kweli, sina ile ya kununa huku nachungulia. Tulikuwa na paka, basi nikawa namsemesha mume wangu kupitia paka. "Paka, mwambie mwenzio chumvi imezidi." "Paka, mwambie mwenzio dirisha linapiga." Chokaa anafunga dirisha, anamshukuru paka. Alikuwa anapika, anafua, anageuza godoro langu, na kila jioni, akishamaliza yote, anasimama mlangoni na kusema, "Dada Mkunga anakusalimia. Anauliza unalalia ubavu gani." Siku nyingine: "Dada Mkunga anakusalimia. Anasema miguu iwe juu ya mto."

Nikajua anazitunga. Mtu anayekutakia heri angekuja kukuona, na yule hakuja. Tangu ile jioni ya mvua hakukanyaga kwangu, na hilo nililihesabu kuwa ndilo jibu. Nilikuwa nafuma na kulia, nalia na kufuma, na sweta moja la wiki ile lilitoka mkono mmoja mrefu kama wa nyani. Nilimhurumia mtoto atakayelivaa. Nilijihurumia zaidi.

Siku yenyewe ilikuja mchana, jua kali, hata wingu hakuna. Nilisimama kwenda kuchukua maji ya kunywa, na maji mengine yakanitoka miguuni. Safari hii tumbo halikuwa linacheza. Nikachukua simu, na kwa sababu paka hajui kupiga simu, ilibidi niseme mwenyewe.

"Njoo."

"Nakuja," akasema, na ndani ya sauti yake nilisikia kwamba ameshaanza kukimbia.

Nilijua hana gari la kuja nalo, na pikipiki nimekatazwa. Nikakaa kizingitini nimeshika mfuko wa nguo za mtoto, nikijiuliza nitapandishwa kile kilima na nini na nitapokewa na nani. Mara nikasikia honi. Lori zima limekata kona kuingia mtaani kwetu, limepakia magodoro mpaka juu, na mbele yake Chokaa na pikipiki yake analiongoza. Lilikuwa lori aliloliziba pancha muda ule ule. Alimwambia dereva hataki malipo ya tairi, anataka mkewe afike juu ya mlima, taratibu.

Dereva alikuwa pande la mtu, lakini alipotoa godoro moja kutoka kwenye mzigo na kunikunjia kwenye kiti, alikuwa anaogopa kuliko mimi. "Mama," akaniambia, "nakuomba usijifungulie humu. Tajiri wangu ni mkali."

"Endesha," nikamwambia.

Tukaanza kupanda. Mimi nimeshika dashibodi, nimeuma kitambaa, naona barabara yote kutoka juu, jinsi madereva wa malori wanavyoiona. Na mbele yetu nikamwona mume wangu. Alikuwa anakwenda na pikipiki kidogo, anasimama, anashuka, anainama, anaokota jiwe kwenye lami, analitupa mtaroni, anapanda tena. Kidogo tena, anashuka. Kipande cha tairi, anakitupa. Jiwe la mtu mwingine, analikumbatia kifuani, anayumba nalo mpaka ukingoni. Yote yale mawe ya siku na siku, ya mafundi wote, yasiyo na rangi wala mwenyewe, aliyaondoa moja moja ili gurudumu lisikanyage hata moja na mimi nisitikiswe. Magari nyuma yetu yakajaa, honi zikapigwa. Hakugeuka.

Dereva akasema, "Huyu bwana ana matatizo?"

"Ni mume wangu," nikasema, na hapo kilio kilichonitoka hakikuwa cha uchungu wa uzazi. Nilimtazama mgongo wake unavyoinama na kuinuka, shati limeganda kwa jasho, nikajua kwamba kama mtu wa namna hii angenyamaza kuhusu jiwe moja, asingekuwa ndiye niliyekubali anioe kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimemwomba awe mtu mwingine kwa ajili yangu. Sikumwambia paka, kwa kuwa paka hakuwepo. Niliyasema peke yangu, na dereva akadhani nasali.

Dada Mkunga alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo. Bega lilikuwa bado limefungwa. Akanishika kwa ule mkono mzima, akanitazama kwa hasira.

"Wewe," akasema. "Salamu zangu zote zile hujajibu hata moja."

Nilitaka kusema kitu, tumbo likanibana, nikamng'ang'ania shingo.

"Mimi siwezi kuteremka mlima na bega hili juu ya pikipiki zaidi ya kwenda kazini na kurudi nyumbani," akaendelea, huku ananipeleka kitandani. "Kila siku namtuma mumeo. Kila siku anarudi, namuuliza amesemaje, ananiambia amelala. Nikasema basi, amenikasirikia kwa kumlipisha mumewe."

"Mimi nilidhani wewe," nikasema.

"Mimi nini?"

"Kwa ajili ya jiwe."

Akavaa glavu, mkono mgonjwa ukimpa shida, na muuguzi akamsaidia. "Nilijua ni lake tangu nilipoliokota," akasema. "Si nimeyaona uani kwako, chini ya kamba? Niliteremka pale nimeyapanga matusi yangu vizuri, moja baada ya jingine. Nilitaka akatae, nimwaibishe mbele ya wenzake. Akasema ni wangu hata kabla sijauliza mara ya pili. Matusi yote yakanipotea, mpaka leo siyakumbuki. Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Lakini sampo atalipa," akasema.

"Atalipa," nikasema.

"Haya. Sukuma."

Sitaeleza mengine, wanawake wanayajua na wanaume hawatayaelewa. Ilichukua mchana wote ule. Kuna mahali niliona nashindwa, nikaona zile mimba nyingine zinarudi kuichukua na hii, nikamwambia Dada Mkunga aniache. Akaniambia haniachi, na ule mkono mbovu akautoa kwenye kitambaa ili anishike kwa yote miwili. Aliumia, nilimwona anavyouma meno. Halafu kikasikika kilio chembamba, kikali, kisicho changu, na muuguzi akacheka kwa sauti.

Waliniwekea kifuani. Alikuwa wa moto. Sikuwahi kujua kwamba wanakuja wa moto namna ile.

Nyuma ya mlango nilikuwa nasikia viatu vya Chokaa vinakwenda na kurudi tangu mchana. Muuguzi akafungua kidogo, akamwambia, "Baba, hongera. Ni wa kike, mzima, na sauti anayo."

 Nikamngoja aulize uzito, au anafanana na nani, vile wanaume wanavyouliza.

"Na mke wangu?" akasema.

"Mzima."

"Anaongea?"

"Anaongea."

Nikasikia benchi la nje linalia, mtu mzito ameliangukia, kisha nikasikia mume wangu analia, kwa sauti, bila kuziba mdomo, kwenye korido iliyojaa watu. Hakuwa amelia kwa zile nyingine. Zile nyingine alikuwa ananibembeleza mimi.

"Wewe," nikaita kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. "Njoo umwone mwanao."

Akaja, akasimama mlangoni hathubutu kuingia. Nguo zilikuwa na vumbi la barabara kuanzia kola mpaka viatu, na mikono ilikuwa imechanika kwa mawe. Dada Mkunga akamwonyesha bomba na sabuni kwa kidevu. Akaosha mpaka kwenye viwiko, akaangalia, akaosha tena, nami nikamngoja.